Ndiyo ya Mgongo, Hapana ya Magoti

Kitanda kilizimika Redio akiwa katikati ya sentensi.

Sentensi yenyewe ilikuwa imeanza baada ya chai ya asubuhi, na mkewe alikuwa amekwisha kukisia vipande vyake vichache: kwamba inahusu mtu, kwamba mtu huyo ni mwanamume, na kwamba bado yu hai. "Ni mteja wako wa zamani?" aliuliza kutoka kwenye cherehani, upande wa pili wa pazia. Mota ya magoti ikanguruma. Magoti ya Redio yakapanda kidogo chini ya shuka, yakashuka. Hapana. "Ni jirani?" Hapana. "Ni yule aliyeazima mashine yako ya kunyolea akahama nayo?" Safari hii hakukusikika mngurumo wowote. Mwanamke akangoja, mguu juu ya pedali, akidhani mumewe anatafakari. Kisha akasikia kitufe cha rimoti kikibonyezwa, tak, tak, tak, na kitanda hakisemi kitu.

Redio alikuwa kinyozi. Jina hilo alipewa na mtaa mzima, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti chake aliingia na nywele akatoka na habari, na hakuna aliyewahi kuiona swichi ya kumzimia. Kiharusi ndicho kilichoiona. Kilichukua upande wake wote wa kulia na maneno yake yote, kikamwachia mkono wa kushoto, akili timamu kabisa, na rimoti ya kitanda ambacho kaka yake alimnunulia kutoka zahanati moja iliyofungwa.

Chini ya kitanda hicho kulikuwa na mota mbili. Kila moja ilikuwa na mkono wa chuma unaotoka polepole na kurudi polepole: wa kwanza ulinyanyua mgongo wa mgonjwa, wa pili ulikunja magoti yake. Siku moja mkewe, ambaye watu walimwita Mama Cherehani, alimwuliza kama ameshiba, akauliza kama watu wanavyouliza tu, bila kutegemea jibu. Mgongo wa kitanda ukapanda kidogo, ukashuka. Akauliza tena kama ataongezewa. Magoti yakapanda. Mama Cherehani akaweka bakuli chini akalia, kisha akacheka, kisha akamwita binti yao aje aone. Tangu siku hiyo mgongo ukawa ndiyo na magoti yakawa hapana. Ungedhani mtu mwenye maneno mawili atakuwa mkimya. Huyu hakuwa mkimya. Alitangaza kutwa nzima.

"Kwa hiyo sasa amebaki na ndiyo peke yake?" binti aliuliza asubuhi ile, mkoba begani, akiwa njiani kwenda kwenye duka la dawa alikoajiriwa.

"Miaka yote ya ndoa nilikuwa naingoja siku hii," Mama Cherehani akasema. Akasogeza pazia. "Redio, si unakubali kwamba ugomvi wetu wote mkosaji ulikuwa wewe?"

Mgongo ukapanda.

"Na kwamba dada zako wanapika vibaya?"

Mgongo ukapanda na kushuka mara mbili haraka, ndivyo alivyokuwa akicheka. Wakacheka wote watatu. Kisha Mama Cherehani akapitisha mkono chini ya godoro, akagusa mota ya magoti, akautoa mkono upesi akaupuliza. Kicheko kikamwisha.

*

Fundi waliyempata alikuwa fundi wa mageti, yale mageti ya matajiri yanayofunguka yenyewe gari likifika. Binti ndiye aliyemleta, maana mafundi wa redio na wa feni walikuwa wamekataa hata kuinama. Alilala chali chini ya kitanda na tochi mdomoni, akagonga hapa, akanusa pale.

"Mama, mota zote mbili zimepata moto sana," akasema kutoka huko chini. "Hebu niambie, mnazifanyia nini?"

"Anazungumza nazo."

"Nani?"

"Mume wangu."

Fundi akatoa kichwa uvunguni. Akamtazama mgonjwa, akamtazama mkewe, kwa ile heshima ambayo watu humpa mtu wanayeanza kumwonea huruma. Mama Cherehani alikwisha kuizoea heshima hiyo na alikuwa anaichukia.

"Mama, mota hizi hazikutengenezwa kufanya kazi mfululizo," fundi akasema. "Dakika mbili za kazi, dakika kumi na nane za kupumzika. Ndivyo zilivyo. Ukizidisha zinapata joto, na kila moja ina kiswichi chake ndani kinachojizima kuiokoa. Ikipoa, inarudi. Ila usiuzoee mchezo huo. Kuna siku waya za ndani zitaungua, na hapo utangoja mpaka mwisho wa dunia."

"Si nitanunua nyingine?"

"Ya namna hii? Mimi sijawahi kuiona dukani." Akajifuta mikono. "Geti la tajiri linafunguka asubuhi na jioni. Hili lenu limekuwa geti la kituo cha mabasi."

Magoti ya Redio, mota yake ikiwa sasa imepoa, yakapanda.

"Anasema nini?" fundi akauliza.

"Anakataa."

"Anakataa nini?"

"Kila kitu. Endelea, baba, usimjali."

"Ya kuangaliwa zaidi ni hii ya mgongo. Inabeba kiwiliwili kizima, ndiyo itakayoungua kwanza. Sasa ikifa akiwa amelala chali, mtamlisha vipi?"

Swali hilo ndilo lililobaki chumbani fundi alipoondoka. Muuguzi alikuwa ameshawaonya: huyu asilishwe akiwa amelala, chakula kitaingia mapafuni, na hapo hamtakuwa na mgonjwa tena. Mama Cherehani akasimama miguuni pa kitanda, mikono kiunoni, kama mtu anayetaka kumgombeza mtoto lakini hajui aanzie wapi.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Kuanzia leo, mambo ya maana tu. Njaa, maumivu, choo. Habari za watu basi."

Redio akamtazama. Mota zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, na hakubonyeza yoyote. Alikuwa amenuna, na mtu aliyezoea kununa kwa maneno anaponuna kwa kunyamaza, nyumba nzima inaona giza.

Binti akaleta kengele ndogo ya mezani. Redio aliishika, akaitikisa mara moja, akaiachia ikaanguka sakafuni. Binti akaiokota akamrudishia. Ikaanguka tena.

"Mwache," mama yake akamwambia. "Kengele inajua kusema njoo tu. Baba yako siku zote ndiye aliyekuwa akifuatwa."

*

Wateja walikuja kwa mlango wa mbele, wakakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, na karibu kila mmoja aliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mgonjwa alijibu mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, kwa mgongo. Mama Cherehani alimkaripia, akaomba, akatishia kuificha rimoti. Aliwahi kuificha kweli, asubuhi moja, juu ya kabati. Alishona mkono mmoja wa gauni, akaenda akamrudishia, kwa sababu ukimya ule ulimfanya ashone ovyo.

Kushona ovyo kwenyewe kulikuwa kumeanza zamani. Alikuwa anainuka kumgeuza, anainuka kumfuta, anainuka kumnywesha, na akirudi kwenye cherehani hakumbuki alikuwa anakunja wapi. Mara mbili alishona kola nje ndani. Halafu akaja yule mama aliyekuwa na harusi ya mdogo wake, aliyeleta kitambaa cha magauni ya wasindikizaji, kitambaa kizuri chenye kung'aa, ambacho mkasi ulikuwa bado haujakigusa.

"Siyo kwamba hushoni vizuri," mteja akaanza, akiwa hajakaa bado. "Mimi nawaambia watu wote, fundi ni yule. Lakini una mgonjwa. Mimi mwenyewe naona vibaya kukusumbua."

"Hunisumbui. Nitaanza leo."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita, mwenzangu."

Alisema taratibu, karibu kwa kunong'ona, lakini pazia ni nguo na nguo haizuii maneno. Mama Cherehani alikitoa kitambaa rafuni. Kilikuwa na mikunjo, kwa hiyo akakipiga pasi kabla ya kukirudisha, mteja akiwa amesimama pale anasema haina haja, haina haja. Akakikunja vizuri. Akakiweka kwenye mfuko wake mwenyewe mzuri, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamtakia harusi njema. Yote hayo aliyafanya akitabasamu, na mashavu yakamuuma.

Alipopita upande wa pili wa pazia, Redio alikuwa anamwangalia.

"Wameahirisha harusi," akamwambia.

Magoti yakapanda.

"Usinimalizie mota kwa ubishi," akasema, akamgeuza ubavu, akatoka.

Redio aliyasikia mengi siku zile. Mtu asiye na la kufanya ila kusikiliza husikia hata pumzi. Alimsikia mkewe akijiegemeza ukutani jikoni muda mrefu kabla ya kuinua sufuria. Alisikia cherehani ikianza, ikisimama, ikianza. Alimsikia akiimba wimbo mmoja bila kuumaliza, akasahau kwamba alikuwa anaimba.

*

Ijumaa mchana mota ya mgongo ilizimika wakati wa kula. Asubuhi walikuwa wamekuja wageni wengi wa kupima nguo, na Redio alikuwa ameitikia salamu zote. Sasa alikuwa chali, supu iko kwenye kiti inapoa, na rimoti inalia tak, tak, bure.

Mama Cherehani alijua cha kufanya. Angoje. Lakini kulikuwa na nguo ya mtu inayofuatwa alasiri, na supu ikipoa ataipasha tena, na akiipasha tena atachelewa tena. Akapiga moyo konde. Akapanda kitandani kwa goti moja, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mumewe, akavuta. Redio alikuwa amekonda, lakini mtu asiyejisaidia ni mzito kuliko gunia. Akavuta tena. Kitu kikamchoma kiunoni kama sindano ya moto, akaanguka juu ya kifua cha mumewe.

Mwanzo alicheka. "Haya, tumekuwa maharusi," akamwambia. Kisha akajaribu kuinuka, kiuno kikakataa. Akajaribu kwa upande, kikakataa zaidi. Akalala pale pale, shavu kwenye shingo ya mumewe, na mkono wa kushoto wa Redio ukawa unampigapiga mgongoni kama anambembeleza mtoto.

Binti ndiye aliyewakuta, aliporudi kula chakula cha mchana. Alimnyanyua mama yake kidogo kidogo, akamlaza kwenye mkeka. Mota ilikuwa imekwisha kupoa. Redio akabonyeza, mgongo ukapanda mpaka akakaa, akaanza kumwangalia mkewe pale chini. Machozi yalikuwa yanamtoka. Yale ya jicho la kulia hutoka yenyewe siku zote, lakini siku hiyo yalitoka macho yote mawili.

"Mama, hatuwezi hivi," binti akasema.

"Hatuwezi nini? Nimeteleza."

"Hujateleza."

"Nipe dawa ya kuchua, uende kazini. Utafukuzwa, tukose vyote."

Binti akampa dawa ya kuchua. Kisha akatoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo, akampigia simu baba yake mkubwa. Hakumwambia mama yake mpaka Jumamosi jioni.

"Umenishtaki," Mama Cherehani akasema.

"Nimeomba msaada, mama."

"Umenishtaki kwa shemeji yangu kwamba nimeshindwa. Atakuja na lile gari lake amchukue. Mimi niwe nani hapa? Mjane ambaye mume wake yupo?"

*

Shemeji alikuja Jumapili mchana. Alikuwa mfanyabiashara wa matairi, mtu mnene, mwenye mikono iliyokuwa bado na weusi wa mpira kwenye kucha licha ya pete na saa. Alibeba matunda mengi kuliko yanayoweza kuliwa. Kila alipoingia chumba kile alipaza sauti, kana kwamba mdogo wake amekuwa kiziwi, na akishasalimu alimsema kama mtu asiyekuwepo.

"Amepungua," akamwambia mkewe Redio. "Anakula? Analala?"

"Mwulize mwenyewe, shemeji."

Akakohoa, akakaa kwenye kiti kilicholetwa kutoka kwenye cherehani. "Nimeambiwa yote. Na wewe tazama unavyotembea, umekunjamana kama bibi kizee. Sisemi kwa ubaya. Kwangu kuna chumba cha chini, kikubwa, choo ndani. Nitaweka mtu wa kumhudumia mchana, mwingine usiku. Sitaki uje kuniambia baadaye kwamba sikufanya kitu."

"Umefanya. Umenunua kitanda."

"Kitanda ambacho mnakiua."

Binti akainamisha kichwa. Mama Cherehani akakaza roho. Jibu alikuwa amelitayarisha tangu jana na alilijua kwa moyo.

"Shemeji, mume wangu siyo mzigo wa matairi upakiwe tu. Ana akili zake. Aulizwe. Akisema ndiyo, nitamfungashia nguo kwa mikono yangu. Akisema hapana, tusisikie tena habari hizi."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hakika. Hakuna mtu aliyekuwa na hakika kama yeye katika chumba kile. Mtu ambaye hakutaka kuhama hata mtaa, atahama nyumba yake?

"Sikatai kwamba nyinyi mnaelewana," shemeji akasema. "Mtu na mkewe, hata kikohozi kinatosha. Lakini jambo kubwa hili. Lazima nijue ni yeye anayejibu, siyo kidole kinachezacheza."

"Mgongo ni ndiyo, magoti ni hapana. Lakini uliza machache, mota haitaki—"

"MDOGO WANGU! UNANISIKIA?"

Mgongo ukapanda, ukashuka.

"MIMI NI KAKA YAKO?"

Ndiyo.

Shemeji akafikiri. Akapunguza sauti. "Unakumbuka yule mwenye duka, aliyevunjiwa kioo? Nikapigwa mimi?"

Ndiyo.

"Ulikivunja wewe?"

Ndiyo. Kisha mgongo ukapanda na kushuka haraka, mara mbili.

"Anafanya nini?"

"Anakucheka," binti akasema.

Mfanyabiashara wa matairi akainuka nusu kwenye kiti. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akija kukiangalia kitanda, akiweka matunda, akiondoka, na akilia ndani ya gari kabla ya kuliwasha, kwa kuwa aliamini mdogo wake amekwisha kwenda na waliobaki wanautunza mwili. Sasa akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa chuma cha kitanda. "Kumbe upo," akasema. "Kumbe upo humo ndani, mshenzi wewe."

Ndiyo.

"Unakumbuka tulivyokuwa tunalala kitanda kimoja?"

Ndiyo.

"Na nani alikuwa anakojoa? Mimi?"

Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Mwongo! Na yule mbwa?"

"Shemeji, inatosha," Mama Cherehani akasema. "Utaizima."

"Moja tu. Unamkumbuka mama alivyokuwa anatuita, jioni?"

Mgongo ukapanda taratibu, ukakaa juu kidogo, ukashuka. Mzee mzima akatoa leso akajifuta uso wote. Akauliza tena, na tena, mambo ambayo hayakuwa na haja ya kuulizwa, na kila jibu lilikuwa ndiyo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza tena.

Mwishowe akakunja leso. "Haya. Sasa niambie mwenyewe, nisikie kwako. Unataka kuja kukaa kwangu?"

Kitanda hakikusogea.

Wakangoja. Nje mtu alikuwa anapiga misumari mahali fulani, akaacha, akaendelea. Shemeji alimwangalia mdogo wake usoni, akaona macho yamemkazia, na kitanda kimya.

"Nimeelewa," akasema. Uso wake mkubwa ulikuwa umenywea. "Hataki, na hataki kuniumiza kwa kuniambia hapana. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Basi, shemeji. Umeshinda. Sitalizungumza tena." Akasimama, akapapasa mfukoni kutafuta funguo za gari.

Mama Cherehani akashukuru kimoyomoyo. Akageuka amshike mumewe mkono, na hapo akaiona rimoti. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha mgongo. Kilikuwa kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza.

Mota ya mgongo ilikuwa imezimika kwa joto. Ya magoti ilikuwa imepumzika tangu asubuhi, haikutumika hata mara moja. Ilikuwa baridi na nzima kabisa. Kama Redio angetaka kusema hapana, angekwisha kuisema kabla kaka yake hajamaliza kuuliza. Hapana yake haikuwa na tatizo lolote. Alikuwa ameacha kuitumia.

Shemeji alikuwa amefika kwenye pazia. Binti alikuwa amekwenda kumfungulia mlango. Hakuna mwingine aliyeona. Ilitosha Mama Cherehani anyamaze tu, akunje shuka, aseme shemeji nenda salama. Gari lingewaka, na jioni angemnywesha uji mumewe kama kawaida. Nani angemlaumu? Hata uongo asingesema. Akautazama mkono ule wa kushoto, ambao ulikuwa umenyoa nusu ya mtaa, ukihangaika na kitufe. Akamchukia kidogo. Akatamani kuupiga.

"Shemeji," akaita. Sauti ilitoka mbaya. "Rudi ukae."

"Nimesema nimeelewa."

"Hujaelewa. Mota imepata moto. Hajajibu bado." Akavuta kiti kile kile akamwekea. "Dakika kumi na nane. Kaa."

Wakakaa. Shemeji alitazama saa yake mara kwa mara mpaka akaona aibu, akaivua akaiweka kitandani. Binti alileta chai, hakuna aliyeinywa. Mama Cherehani alisimama dirishani, amewapa kisogo wote, mkono mmoja kiunoni pale palipokuwa panauma. Alijaribu kujiambia kwamba huenda amekosea, kwamba huenda kidole kiliteleza. Lakini alikuwa ameishi na mtu huyu muda mrefu mno. Hata kidole chake kikiteleza alikijua.

Muda ulipofika hakuhitaji kutazama saa. Alirudi, akainama mpaka usawa wa uso wa mumewe, akauliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida.

"Unataka kwenda kwa kaka yako?"

Mota ikanguruma. Mgongo ukapanda. Haukupanda kidogo ukashuka kama siku zote. Uliendelea, ukaendelea, mkono wa chuma ukatoka wote, mpaka Redio akawa amekaa wima kabisa, uso wake mbele ya uso wa mkewe.

"Kwa nini?" akasema, na swali la kwa nini ndilo ambalo mtu wa maneno mawili hawezi kulijibu. Akajirekebisha. "Ni kwa sababu yangu? Kwa sababu unadhani nimechoka?" Akamkatiza kabla hajabonyeza. "Sijachoka. Nakwambia mimi sijachoka."

Magoti yakapanda.

"Usinibishie mbele ya watu!"

Magoti yakashuka, yakapanda tena.

Mama Cherehani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, vibaya, kiuno kikiwa upande. Akafunika uso kwa mikono yenye alama za sindano.

"Nimechoka," akasema. Neno hilo halikuwa limewahi kutoka kinywani mwake ndani ya nyumba ile, hata kwa mzaha. "Nimechoka, mume wangu. Nimechoka mpaka nasikia kichefuchefu. Kuna siku naomba usiku usiishe. Lakini sikuomba uondoke. Hilo sikuliomba hata siku moja." Akafuta macho kwa kiganja. "Nitakuja kila siku. Hata kama ni kutwa mara moja. Unataka nije?"

Mgongo ulikuwa umefika mwisho. Haukuwa na pa kupanda tena. Ili aseme ndiyo nyingine ilimbidi kwanza ashuke. Akabonyeza. Mkono wa chuma ukaanza kurudi ndani, polepole sana, na Redio akaanza kulala nao, sentimita kwa sentimita, macho hayamtoki mkewe. Mama Cherehani akaweka kiganja nyuma ya shingo yake, akashuka naye.

"Anasema nini?" shemeji akauliza kwa sauti ya chini.

"Ngoja," akamwambia. "Bado hajamaliza."